Betri za gari madukani Unguja: kavu, ya maji au ya mtumba? Na kwanza, ya zamani imekufa kweli?

Hukumu kwanza, maana wengi wanaosoma wameifuata hiyo. Kwa gari ndogo ya nyumbani inayozunguka Mjini, nunua betri kavu ya saizi ileile gari iliyotengenezewa, ya tarehe ya karibuni, na isome si chini ya volti 12.5 ikiwa bado juu ya meza ya duka. Kwa gari ya kazi, iwe daladala ya shamba au keri inayobeba mizigo kutwa, betri ya maji yenye vifuniko bado haijapata mpinzani, ilimradi yupo mtu wa kuifungua na kuiangalia kila wiki mbili. Haibridi na gari zinazojizima zikisimama zina betri zao, na hapo hakuna ujanja. Ya mtumba, na ile wanayoiita "iliyofufuliwa", hapana.

Ila betri nyingi zinazoachwa pale dukani kama kuukuu hazijafa. Zimekaa bila chaji, au kosa lilikuwa kwenye kibano cha waya wa betri, kwenye alternata (mashine inayochaji betri injini ikiwaka), au kwenye redio iliyofungwa na mtu wa haraka. Anayebadilisha betri bila kupima hurudi baada ya miezi miwili na malalamiko yaleyale.

Visiwani betri haiuliwi na baridi, inauliwa na joto. Kaskazi, jua likifikisha nyuzi 32 kivulini, chini ya boneti ya gari iliyotoka Nungwi ikaegeshwa juani Darajani joto hupita 60. Kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi ya kuliwa kwa pleti, vile vibao vya risasi ndani ya betri, inakaribia kuwa mara mbili. Madhara hufanyika kaskazi, lakini mwenye gari huyaona masika: taa zinawaka mchana, waipa zinafanya kazi, feni imefunguliwa mpaka mwisho, foleni haisogei, halafu asubuhi moja stata inazunguka kizembe. Mvua inabeba lawama isiyo yake. Ndiyo maana huku miaka 2 mpaka 3 kwa betri ya kawaida si aibu, na ikifika 4 mshukuru fundi wako.

Sikiliza kabla hujafungua boneti

Mlio wa gari inapogoma unasema mengi. Stata ikizunguka polepole, kama mtu anayepanda ngazi na gunia, umeme haufiki wa kutosha: betri iko chini au njia ya umeme imeziba. Ukisikia tak-tak-tak-tak ya haraka, kile kiswichi cha stata kinavuta na kuachia kwa sababu volti zinaporomoka kila kinapovuta. Hapo pia ni betri tupu au kibano kichafu. "Tak" moja tu, na taa za dashibodi hazikufifia hata kidogo, elekeza macho kwenye stata yenyewe. Makaa au vigusio vya shaba ndani yake vimekwisha. Kimya kabisa huku taa zinang'aa, na gari ni otomatiki, weka gea kwenye N ujaribu tena. Ikiwaka, betri haina hatia.

Ipo dalili moja inayowapoteza hata mafundi: taa zinang'aa vizuri, unageuza swichi, kila kitu kinazimika kwa mara moja mpaka saa, kisha baada ya dakika kadhaa umeme unarudi wenyewe. Karibu kila mara ni kibano kilicholegea au kilicholiwa na kutu. Kinapitisha umeme wa taa, kinashindwa na umeme wa stata.

Kwa hiyo anza na vichwa vya betri. Hewa ya chumvi na mvuke wa asidi hutengeneza ule unga mweupe au wa kijani, na unga haupitishi umeme. Legeza kibano cha hasi kwanza, halafu cha chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau. Koroga kijiko cha magadi kwenye glasi ya maji ya moto, mwagia kidogokidogo. Povu likiacha kutoka, asidi imekwisha. Hakikisha vifuniko vimefungwa, kwani tone la magadi likiingia ndani ya seli (kimoja cha vyumba vya ndani ya betri) linaua asidi unayoihitaji. Sugua kichwa na ndani ya kibano kwa msasa mpaka risasi ing'are, funga, chanya kwanza na hasi mwisho, ndipo upake grisi juu yake. Grisi hupakwa baada ya kukaza.

Ukitaka uhakika, chukua mita, weka waya mmoja katikati ya kichwa cha betri chenyewe na mwengine kwenye kibano chake, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, kuna kizuizi baina ya risasi na risasi, hata kama kwa macho panaonekana safi. Fanya hivyohivyo kutoka kichwa cha hasi mpaka kwenye chuma cha injini, ikipita 0.3, waya wa ethi umeoza. Waya huo huoza kimyakimya kwenye gari za pwani, mara nyengine ndani ya mpira wake, na umeshauzia watu betri nyingi bure.

Mita inasema nini

Mita ya bei rahisi inatosha, na kila mwenye gari angefaa kuwa nayo kwenye dashibodi. Pima asubuhi, gari ikiwa imelala usiku mzima. Fungua boneti usiku kabla hujafunga milango, kwa sababu ukifungua mlango asubuhi taa za ndani na kompyuta zinaamka na kipimo kinaharibika. Gari iliyotoka kuzimwa inasoma vizuri kwa uongo. Chaji ya juujuu bado haijatulia.

Volti 12.6 na kuendelea, imejaa. 12.4 ni robo tatu. 12.2 ni nusu, na hapo ubaya umeshaanza, maana betri inayokaa wiki kadhaa chini ya 12.4 inaota salfeti ngumu kwenye pleti ambayo chaji ya kawaida haiiyeyushi. 12.0 ni robo, 11.9 ihesabu tupu. Namba ya kuikariri ni 10.5: betri ina seli 6, kila moja volti 2.1, kwa hiyo ikichajiwa usiku kucha na bado inakwama karibu na 10.5, seli moja imekufa na hakuna dawa.

Kisha mtu apige stata huku wewe ukitazama mita. Kwa joto letu betri nzima hubaki juu ya 10. Ikishuka chini ya 9.6 ni dhaifu, lakini kwa sharti kwamba ilikuwa na chaji kabla ya kupimwa. Kupima betri tupu ni kama kumshindanisha mbio mtu aliyeamka na homa. Akishindwa hujajua kitu. Ichaji kwanza, iache itulie masaa kadhaa, ndipo upime. Hapa ndipo mabanda mengi yanapokosea, na kosa hilo, kwa bahati, linamnufaisha muuzaji.

Gari ikiwaka, weka mita tena kwenye betri. Kati ya 13.8 na 14.5 alternata inafanya kazi. Washa taa kubwa na kiyoyozi. Isishuke chini ya 13.5 ukikanyaga mafuta kidogo. Ikibaki 12 na kitu, tazama beliti, fyuzi kubwa, na plagi ya alternata kabla ya kulaumu betri. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha chaji) imeharibika na betri inapikwa: maji yatakauka, na mpya utakayoweka nayo itapikwa. Angalizo kwa Toyota za miaka ya karibuni: kompyuta yake hupunguza chaji kwa makusudi betri ikishajaa, ukasoma 12.8 ukashtuka. Washa taa, volti zikipanda, alternata ni nzima.

Linabaki swali la gari inayowaka vizuri kila siku, ila ikikaa siku 4 haiwaki. Kuna kitu kinanyonya. Toa kibano cha hasi, pitisha mita ya ampea baina yake na kichwa cha betri, funga gari, bonyeza kitasa cha mlango kiamini kimefungwa, subiri nusu saa kompyuta zilale. Mili-ampea 20 mpaka 50 ni kawaida. Tuseme umekuta 200: kwa siku ni ampea-saa (kipimo cha ujazo wa betri) 4.8. Betri ya ampea-saa 45 itafika nusu kabla siku ya tano haijaisha. Hesabu haina uchawi. Toa fyuzi moja baada ya nyengine mpaka namba ishuke, umempata mwizi. Huku kwetu watuhumiwa wa mwanzo ni redio ya kuongezwa, kifaa cha kufuatilia gari kwenye gari za kukodishwa, king'ora, na taa ya buti ambayo hakuna anayeiona. Usipige stata mita ikiwa imeungwa hivyo. Fyuzi ya mita itakatika kabla hujasema basi.

Kupiga stata kwenyewe hakumalizi betri, tofauti na wanavyodhani wengi. Ampea 150 kwa sekunde 2 hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya ampea-saa moja, na alternata inairudisha kwa muda mfupi. Kinachomaliza ni kukaa bila chaji. Kwa sababu hiyohiyo, betri iliyokwisha kabisa, ikashtuliwa kwa waya kutoka gari ya jirani, haitajaa kwa kuendesha kutoka Mjini mpaka Bububu. Inataka chaja.

Huduma ya kuchaji, kwa ufupi

Kipimo ni asilimia 10 ya ampea-saa: betri ya 45 ichajiwe kwa ampea 4 au 5, masaa 10 mpaka 12. Anayekwambia "saa moja tu shekhe, rudi uichukue" anaipiga ampea nyingi, inachemka, pleti zinapinda, na inatoka pale ikisoma 13 inayopotea kabla ya magharibi. Mguso wa mkono unatosha kuamua: vuguvugu sawa, ya moto ya kukutoa mkono, izimwe. Vifuniko vilegezwe, pasiwe na sigara wala cheche karibu, kwani gesi inayotoka ni haidrojeni. Banda linaloandika jina lako, muda wa kuanza na volti za kuingia kwa chaki kwenye betri ni banda la kulirudia.

Betri yenyewe

Neno "kavu" linapotosha. Betri kavu ina asidi ya maji ndani kama nyengine. Tofauti ni kwamba pleti zake zimechanganywa na kalsiamu, hivyo inapoteza maji kidogo sana na imefunikwa usiiongezee. Faida yake ni kwamba haikudai kitu, haitoi mvuke mwingi, na vichwa vyake huchelewa kuota unga. Hasara yake ni kwamba haikwambii kitu. Huwezi kuipima seli moja moja kwa haidromita (kipimo cha uzito wa asidi), na alternata ikizidisha chaji inakauka kimya mpaka siku ya kufa. Kile kijicho cha kijani juu ya betri kinachosifiwa dukani kinaangalia seli moja tu kati ya 6. Tano zilizobaki zinaweza kuwa hoi na kijicho kikacheka kijani. Hata hivyo kwa mtu anayefungua boneti mara mbili kwa mwaka, hii ndiyo betri yake.

Betri ya maji ni ya mtu mwengine. Inakunywa maji, na kwa gari inayofanya kazi kuanzia alfajiri hadi usiku kiwango kinashuka kila mwezi. Lakini unaiona ndani. Fungua kifuniko: maji yafunike pleti kwa milimita 10 mpaka 15. Maji yakiwa angavu, vizuri. Yakiwa na rangi ya kahawia kama chai iliyolala, unga wa pleti chanya umeshamong'onyoka na siku zake zinahesabika. Haidromita kwenye betri iliyojaa isome 1.26 mpaka 1.28 kila seli. Seli zote zikiwa chini kwa pamoja, ichaji. Moja ikipishana na wenzake kwa 0.05, seli hiyo ndiyo ugonjwa, na betri ibadilishwe.

Inayoongezwa ni maji ya betri peke yake, asidi hapana; asidi haivukizwi, inabaki ndani. Ukiongeza asidi kila mara utaifanya kali mpaka ianze kula pleti. Na maji ya kisima usijaribu: visiwa vyetu ni mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na karibu na ufukwe yana chumvi. Yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi, ambayo watu huyakinga kwa ndoo wakaamini ni safi, yamepita kwenye vumbi na bati la mashine, nayo yaache.

Uzuri mwengine wa betri ya maji unawahusu zaidi Wapemba. Nyingi huuzwa zikiwa hazina asidi, pleti zimeshachajiwa na kukaushwa, asidi iko kwenye chupa pembeni. Hali hiyo inakaa rafuni muda mrefu bila kuharibika, na inasafiri kwenye boti mpaka Mkoani au Wete bila kumwaga. Kavu, kwa upande wake, inaanza kujimaliza tangu siku ilipotiwa asidi kiwandani, na kwenye duka lenye joto ambalo wateja ni wachache inaweza kuzeeka kabla hujaijua. Kwa hiyo ukiwa Chake na ukakuta kavu ya miezi 10 kando ya ya maji ambayo haijatiwa asidi, ya pili ndiyo mpya kweli. Ijaze, isubiri dakika 20 mpaka 30 pleti zinywe, angalia kiwango tena, kisha ichajiwe masaa machache hata kama muuzaji atasema iko tayari. Ikipelekwa moja kwa moja kwenye gari inawasha, ndiyo, lakini inaanza maisha ikiwa haijashiba.

Gari zinazojizima zikisimama zinahitaji betri iliyoandikwa M-42, N-55, Q-85 na mfano wa hizo; ndani yake zimeimarishwa kuvumilia kupigwa stata mara nyingi. Ya kawaida itawasha siku ya kwanza, ila haitodumu. Toyota Aqua inatumia S34B20R, nayo inakaa ndani ya gari, si chini ya boneti. Ile S ya mwanzo ina maana ya betri iliyozibwa yenye tundu la bomba la kutolea gesi nje. Kuweka ya maji pale, kwa sababu imeenea na ni rahisi, ni kulala chumba kimoja na mvuke wa asidi.

Na mtumba? "Kufufua" kunafanyika hivi: asidi kuukuu inamwagwa, ndani panasuuzwa mpaka matope yatoke, asidi mpya kali inatiwa, inachajiwa, inapakwa rangi. Mita itasoma 12.7 bila aibu. Lakini matope yaliyotoka ndiyo betri yenyewe. Unga ule ulikuwa kwenye pleti ukibeba chaji. Kilichobaki ni volti bila ujazo, na asidi kali juu ya pleti nyembamba. Inawasha gari wiki 3, pengine mwezi na nusu. Ukipiga hesabu ya bei kwa mwezi, ni betri ya ghali kuliko zote sokoni.

Kusoma lebo

Chukua 46B24L, ambayo wengi wanaijua kwa jina la NS60. 46 ni daraja la nguvu, ikipanda ni bora. B ni kimo na upana, kama milimita 129 kwa upana. D ni pana zaidi, 173. 24 ni urefu kwa sentimita. L ni upande: simama upande mfupi ulio karibu na kichwa cha chanya; kikiwa kushoto kwako ni L, kulia ni R. Ukikosea L na R waya haufiki, na hapo ndipo betri inapogeuzwa kinyume, chanya ikawa jirani na chuma cha bodi, ikasubiri shimo la kwanza la barabara.

Herufi S ikifuata mwishoni, 46B24LS, vichwa ni vinene. Hili linaonekana dogo lakini ndilo linaloleta ubunifu wa ajabu: kibano kinene juu ya kichwa chembamba, na pengo limejazwa msumari au kipande cha kopo. Kinashika wiki moja, kinapata moto, kinaungua. Pete ya risasi ya kuongeza unene ipo madukani na bei yake ni ndogo. Idai kabla hujaondoka.

Kuongeza namba kidogo ndani ya saizi ileile ni sawa, 55B24L mahali pa 46B24L, gari haitaungua, inachukua umeme inaouhitaji tu. Ila usiifukuzie namba kubwa kuliko zote. Nguvu hiyo mara nyingi imepatikana kwa kubana pleti nyingi nyembamba, na pleti nyembamba ndizo joto linazozila mwanzo. CCA nayo, ambayo wauzaji wanaitaja sana, ni ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Makunduchi haitafika huko. Kazi yake kwetu ni kulinganisha tu: kipimaji kidogo cha mkononi kikiwekewa CCA iliyo kwenye lebo, kitakwambia imebaki kiasi gani. Hakikisha muuzaji ameingiza namba hiyo na si 45 za ampea-saa, maana hapo hata betri mbovu itatoka na asilimia 100.

Juu ya meza

Majina yanayofahamika Afrika Mashariki ni mengi, GS Yuasa ya Japani, Rocket na Solite za Korea, Amaron ya India, Chloride Exide ya Kenya, na yote yanabandikika kwa karatasi. Stika ni rahisi kughushi, kilo si rahisi. NS60 yenye asidi ina uzito wa kilo 11 mpaka 12, 55D23 kama 15. Ikinyanyuka kwa wepesi unaokushangaza, risasi ndani haitoshi. Tazama vichwa: vikiwa na mikwaruzo ya kibano, "mpya" hiyo imeshafunga ndoa. Tazama tarehe, iliyogongwa kwenye plastiki au kichwani kuliko ya stika. Zaidi ya miezi 6 kwa kavu, omba nyengine au punguzo. Toa mita. Muuzaji wa haki hachukizwi na mita, na wengine watakuletea yao. Chini ya 12.5, mwambie kwa upole aichaji, utarudi kesho.

Dhamana isomwe kabla ya kulipa. Nyingi hazilipi betri iliyokutwa tupu, na betri inayorudishwa huwa karibu kila mara tupu. Risiti iwe na tarehe na namba iliyo kwenye betri yenyewe, la sivyo ni karatasi tu.

Ikifika kwenye gari, chuma cha kuibana kifungwe. Mtikisiko wa barabara za ndani unavunja pleti haraka kuliko umri. Baada ya kuunganisha, kioo cha dereva huenda kikakataa kupanda chenyewe: kipandishe mpaka juu, shikilia swichi sekunde chache, kitakumbuka. Injini inaweza kusuasua gari ikiwa imesimama kwa siku ya kwanza, hiyo ni kompyuta inajifunza upya. Andika mwezi na mwaka juu ya betri kwa kalamu isiyofutika.

Ya zamani usiimwage asidi nyuma ya nyumba ili iwe nyepesi kubeba. Chini ya mawe yetu ndipo kisima kilipo. Ipeleke nzima. Risasi inanunuliwa kwa kilo, na muuzaji anayeichukua anatakiwa akupunguzie bei ya mpya. Muulize kiasi gani kabla hujataja unanunua ipi.